Feza ya Yatima kwa Jina Langu

Sijawahi kumuogopa mutu anayeketi nyuma ya meza. Meza ninazijua, mbao za meza nyingi za muji huu zilipita mikononi mwangu kabla fundi hajazipiga randa. Masomo nilifanya miaka miwili tu, kule Masisi. Mwaka wa tatu nilikuwa tayari nasukuma mbao ku chukudu, ile baiskeli ya miti isiyo na pedali, kutoka Kibati mpaka Goma, na breki yangu ilikuwa kisigino na kipande cha mupira wa gari. Leo niko na depo ya mbao, niko na nyumba ya mawe yenye ngazi, na wenye diplome wanakuja kuniomba kazi ya kubeba. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au tuseme ni kwa kujisifu. Jasho lilikuwa langu.

Lakini kuna jambo moja nililiharibu mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe, na wapumbavu wa biro mbili wakanisaidia kuliharibu vizuri. Ni jambo la feza ya yatima, ile ambayo Leta, yaani serikali, ilimupa dada yangu wa mwisho baada ya baba kufa.

Baba alikuwa muganga wa ngombe wa Leta. Zaidi ya miaka makumi tatu alipanda milima na sindano zake ndani ya sanduku la bati, akidunga ngombe za watu waliokuwa na ngombe nyingi kuliko mishahara aliyopata. Leta ilimulipa siku ilipokumbuka. Alipokufa ndipo ikamukumbuka sana: mutoto wake aliye mudogo aliandikwa ku listi ya mayatima, apokee kitu kila miezi mitatu mpaka amalize masomo. Sisi wakubwa hatukupewa kitu, na hatukuomba. Mutoto yule alikuwa na miaka mitano. Mama yake, bibi wa pili wa baba, naye alikufa kabla mwaka haujaisha. Nikamuchukua.

Na sikumuchukua kama mutu anayeokota. Siku ya kutoa kilio cha baba, matanga yalipokwisha, baba mudogo, ndugu wa baba, alinikalisha ku kiti cha marehemu mbele ya watu wote, pasta akiwepo, akanipa fimbo yake, akasema: "Baba hajakufa. Huyu hapa. Anayemudai aje kwa huyu. Aliyekopa ngombe yake airudishe kwa huyu. Na watoto wake ni wa huyu." Halafu ndugu zangu wote wakapita mumoja mumoja kunisalimia kama baba, hata yule anayenifuata, ambaye hajawahi kunikubalia jambo lolote tangu tunyonye. Mutoto alisukumwa mbele wa mwisho. Alinitazama, akasema, "Papa." Tangu siku hiyo hakuniita tena yaya, kama mutu anavyomuita kaka yake mukubwa. Nilikuwa papa.

Watu wa muji wanaona mambo hayo ni muchezo wa kijijini. Kwetu si muchezo. Murithi hachukui vitu tu, anachukua kiti, na mutu anayeketi ku kiti hicho ndiye baba. Nilishika neno hilo miaka kumi na mbili. Kila miezi mitatu nilimupeleka mutoto ku biro ya pansio, wanaolipa wastaafu na mayatima, akaweka kidole, baadaye akajua kusaini, na feza ikalala ndani ya mufuko wangu. Niliongezea yangu mara kumi juu yake, nikamuvalisha, nikamusomesha. Hakuna mutu aliyeniuliza hesabu, na angeniuliza ningemufukuza.

Sasa, mwezi wa tatu kila mwaka ni mwezi wa kutangaza mapato ku biro ya kodi. Wafanyabiashara wenzangu wanakwenda kama kondoo. Ku mulango wa biro kuna wanaume wamesimama na mikoba chini ya kwapa, hawana kazi, hawana biro, wako na kalamu tu. "Papa, njoo tukujazie, bei ya ndugu." Mutu anawapa siri zake zote na feza juu. Mimi sijawapa hata habari ya asubuhi.

Na nyumbani kulikuwa na musomi. Mutoto wa ndugu yangu anayenifuata amemaliza universite, uchumi, na tangu amalize anaketi kwa baba yake na viatu vinavyong'aa, anangoja kazi ya kalamu. Mwaka ule akaniambia, "Baba mukubwa, lete karatasi nikujazie. Ni kazi ya dakika kumi."

"Wewe," nikamwambia, "tangu uzaliwe umejaza nini zaidi ya tumbo?"

Alicheka kidogo, kwa heshima, akaenda. Nilifurahi na jibu langu wiki nzima.

Nilijaza mwenyewe, siku ya Mungu baada ya ibada, juu ya ubao wa muti mukavu pale depo. Kifaransa changu ni cha risiti na cha vizuizi vya barabara, lakini kinatosha kujua wanataka nini: wanataka feza. Mbao nilizouza, niliandika. Kodi ya nyumba mbili ninazopangisha, niliandika. Nikafika pa mustari mupya wa mwaka ule, unaouliza kama kuna feza zingine zilizokuingia.

Mutu mwingine angeuruka. Ndivyo wanavyofanya wote, halafu Jumapili wanaimba kwa sauti. Mimi nikaweka kalamu chini nikafikiri. Feza ya Leta inaingia nyumbani mwangu kila miezi mitatu. Inalipwa kwa sababu ya baba. Anayeketi ku kiti cha baba ni nani? Ni mimi. Basi ni yangu, na mimi si mwizi. Niliiandika yote, nikakandamiza kalamu mpaka alama ikatoka upande wa pili.

Bwana wa kodi aliyepokea karatasi alinukia marashi kuliko bibi arusi. Alikuwa na simu mbili na macho yake yalikuwa ku hizo mbili. Alishuka na kidole mpaka pa mustari ule, akasimama.

"Papa, hapa umeandika pansio. Uko mu pansio?"

"Ni ya baba yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Alikufa."

"Basi inalipwa kwa nani?"

"Kwa baba. Mimi njo baba sasa."

Akanitazama vile mutu anavyotazama bei ya kitu asichotaka kununua. Nyuma yangu foleni ilikuwa inafika nje, watu wanakohoa kwa vumbi. Simu moja ikalia.

"Njo yako, basi?"

"Njo yangu."

Akapiga muhuri. Akaongeza kodi ya ile feza juu ya zingine, nikalipa palepale bila kuomba apunguze. Nilirudi nyumbani na kopi ndani ya plastiki, shingo yangu imenyooka. Nilikuwa mutu mumoja tu ndani ya foleni ile aliyesema kweli yote.

Miezi ikapita. Kisha Leta ikaamka na wazo lake la kila baada ya miaka michache: kutafuta mayatima wa uongo. Ni kweli walikuwepo. Kulikuwa na mayatima wenye ndevu, mayatima wenye wajukuu, na mayatima ambao wenyewe walikuwa wamekufa na bado wanasaini. Kwa hiyo kila yatima aje mwenyewe, na karatasi ya masomo, na karatasi za mutu anayemulea.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa tatu ku shule ya wauguzi. Nikamupa plastiki nzima: karatasi za depo, za kiwanja, na ile ya kodi juu kabisa. Yeye alitaka kuchukua moja tu.

"Peleka yote," nikamwambia. "Waone unakaa kwa mutu gani."

Alirudi saa nane. Nilikuwa napakiza mbao ku lori, watu wangu wanne wanabeba. Akaketi juu ya rundo la mbao bila kupangusa vumbi, na rinda lake la shule lilikuwa jeupe.

"Papa, wamenikata ku listi."

"Kwa nini?"

"Wanasema yatima ni wewe."

Wabebaji wangu wakaangusha ubao kwa kucheka. Mumoja akasema, "Pole, patroni, hatukujua umefiwa," na mwingine akauliza nani atanipeleka ku masomo. Niliwaambia atakayecheka tena atalipwa na yatima. Halafu dada yangu akanieleza. Mukubwa wa biro alisoma karatasi ya kodi, akaona nimeandika feza ile ni pato langu, na muhuri uko juu. Listi ni ya watoto wanaosoma. Mimi si mutoto, sisomi, niko na depo. Wakapiga mustari juu ya jina.

Nilifanya vile mutu mwenye kitu anavyofanya. Nilisema: "Waache waikule. Feza yenyewe hainunui hata mbao makumi mawili. Nitakulipia mimi masomo mpaka mwisho."

"Sitaki yako," akasema.

Hajawahi kunijibu hivyo. Wabebaji wakarudi ku lori, maana hata wao walisikia.

"Yako umenipa tangu zamani, na ninashukuru. Ile ilikuwa ya baba. Sura yake sina. Picha yake ni ile moja, na jua limeila. Lakini kila miezi mitatu mutu anasimama ku mulango wa biro na kusoma jina lake kwa nguvu, mbele ya watu, na mimi ninajibu niko. Sasa hawatalisoma tena."

Nikasema haya ni mambo ya kitoto. Alichukua mukoba wake akaingia nyumbani. Siku tatu alinipikia, akaniwekea chakula, akaketi mbali. Siku ya ine nikavaa koti.

Mukubwa wa biro ya pansio alikuwa mama mumoja mwenye miwani miwili, mumoja machoni na mwingine kichwani, na karanga ndani ya droo. Dada yangu alisimama kando yangu. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya mutu anayelipa kodi.

"Papa," mama akasema, "maandiko ni yako?"

"Ni yangu."

"Na muhuri?"

"Ni wa Leta."

"Basi mimi nani nibishane na Leta?"

"Leta si ni wewe?"

"Hapana, papa. Mimi ni pansio. Ile ni kodi."

"Kwani kuna Leta mbili?"

"Kuna biro mbili." Akala karanga. "Mimi ninaona hapa yatima wa miaka karibu makumi sita. Pole sana, papa. Utazoea." Na wale wawili wa meza ya nyuma, ambao kazi yao sikuiona siku ile wala siku nyingine, wakacheka mpaka wakashikana.

Katika maisha yangu nimepigana na watu kwa kidogo kuliko hicho. Lakini mutoto alikuwa ananitazama. Nikauliza wanataka nini. Walitaka vitu vitatu: biro ya kodi iandike kwamba mustari ule ni kosa, familia iandike mimi ni nani kwa huyu mutoto, na mimi niandike mbele ya mama yule, kwa mukono wangu, kwamba feza si yangu na kwamba mimi si baba.

Hicho cha tatu nilikisikia ndani ya mifupa.

Ku biro ya kodi bwana wa marashi hakunikumbuka. Nilimuwekea karatasi mbele.

"Lakini papa," akasema, "feza ya yatima haina kodi. Haiingii humu hata kidogo."

"Na ulinitoza?"

"Ulisema ni yako."

"Ulikuwa unajua ni ya mutu aliyekufa."

"Mimi ninapokea kile mutu anatangaza. Mutu akija kutangaza kwamba yeye ni mufalme, ninamuandika mufalme, analipa kodi ya mufalme."

"Basi rudisha."

"Kurudisha hakuko. Kusahihisha kunaweza kuwa." Akashusha sauti. "Papa, tunaweza kuongea."

"Si tunaongea?"

Akaelewa kwamba mimi si wa kuongea naye hivyo. Ilimuchukua wiki tatu kuandika mistari mine, na neno la pili alilikosea akalifuta na rangi nyeupe. Huyo ni mutu aliyesoma miaka kumi na saba. Na mule ndani ameketi bado, nina hakika, na marashi yake.

Familia ilikuwa ngumu zaidi. Baba mudogo yule aliyenikalisha ku kiti yuko Goma sasa, vita ilimushusha kutoka milimani, anakaa upande wa Munigi kwa binti yake. Nilimuita kwangu, na ndugu yangu, na yule musomi wake wa viatu, kwa sababu karatasi ilitakiwa kwa Kifaransa cha biro na mimi sina hicho. Baba mudogo alisikia mpaka mwisho, akakataa.

"Tulikukalisha mbele ya watu na mbele ya Mungu. Leo tuandike kwamba si wewe?"

"Mbele ya watu ni mimi. Mbele ya Leta si mimi."

"Leta ilikuja ku kilio?"

"Haikuja."

"Ilileta hata chupa ya mafuta?"

"Haikuleta."

"Sasa inajua nini?"

Muzee alikuwa na haki. Ndugu yangu, ambaye tangu tunyonye anangoja siku hiyo, akasema kwa upole mubaya sana kwamba kama mimi si baba tena, labda kiti kiko wazi. Nikamuambia akijaribu kukikalia, hiyo miguu mine ya kiti itamuingia. Ndipo dada yangu akaja na chai. Akapiga magoti mbele ya baba mudogo, akamupa kikombe kwa mikono miwili, akasema kitu kimoja tu: anataka kurudi ku listi. Muzee akanywa. Akasema iandikwe, ataweka kidole.

Musomi aliandika dakika kumi, kama alivyosema. Maandiko yake ni mazuri, sikatai; hata mbao zilizoliwa na mududu zinaweza kung'aa ukipaka vernis. Alipomaliza akasema, "Baba mukubwa, ungeniuliza mwezi wa tatu. Feza ya yatima haiandikwi pale. Hilo linajulikana."

"Ulijua?"

"Kila mutu aliyesoma anajua."

"Na ukanyamaza?"

"Uliniambia mimi najua kujaza tumbo tu."

Nilimulipa. Akahesabu noti mara mbili, kama mutu wa biro kabisa.

Basi tukarudi kwa mama wa karanga, mimi na dada yangu. Alisoma karatasi ya kodi, alisoma ya familia, akaniletea mbele yangu karatasi tupu. Nikaandika kwa Kiswahili, maana Kifaransa cha kujikana sijafundishwa. Feza hii si yangu. Ni ya mutoto huyu. Hapo mukono ukasimama. Mama akangoja. Wale wawili wa nyuma wakangoja, maana waliipenda sana habari yangu.

"Huyu ni nani wako, binti?" mukubwa akamuuliza dada yangu, kwa sababu mimi sikuwa ninaendelea.

"Ni yaya yangu," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema vile mutu anavyotaja muti au jiwe. Lakini miaka kumi na mbili ilikuwa ndani ya neno lile, na nililisikia likianguka. Nikaandika: Mimi si baba yake. Mimi ni yaya yake, ninamulea. Nikasaini. Mama akapiga muhuri wake na mikono yenye chumvi, akasema, "Unaona, papa? Ni kitu kidogo." Mutu ambaye hajawahi kukalia kiti cha mutu mwingine atajua nini kuhusu kidogo?

Walimurudisha. Siku ya kulipwa nilimusindikiza, wakanizuia ku kizuizi: wenye haki tu. Nikasimama nje kati ya wajane na pikipiki, mimi mwenye depo, vumbi jeusi linapanda suruali yangu. Mara wakasoma jina la baba, kwa kulikosea kama kawaida yao, na sauti yake ikajibu. Akatoka, akanipita kidogo, akageuka akaniambia tupite soko.

Akanunua viatu vyeupe, vile wanavyovaa wauguzi wanapokwenda kujifunza ku hospitali. Muuzaji alimuona tu mutoto wa shule mwenye feza mupya mukononi, akataja bei ya wazimu. Mimi soko hili nalijua. Viatu vile vile, hatua makumi mawili mbele, ni nusu ya bei, na ngozi yake ni bora kuliko takataka ile ya karatasi. Hakuomba apunguze hata kidogo. Alilipa noti moja moja. Muuzaji akanitazama mimi, muzee mwenye koti, akingoja nimutukane, maana alijua anaiba.

Nilifunga mudomo. Nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba feza si yangu.